Sajini wa Piko

Yai la kwanza sikulitilia shaka. Mamangu siku nyengine huamka na moyo mweupe, humpa mtu yai bila sababu. Siku ya pili likaja jengine, nikasema labda kuku wa jirani wamezidisha. Siku ya tatu yakaja mawili, na gilasi ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni, na mama mwenyewe akasimama mlangoni mwa jikoni kunitazama mpaka nikamaliza tone la mwisho. Hapo nikajua nanoneshwa. Kwetu hakuna kiumbe kinachononeshwa bure. Mbuzi wa Idi naye alianza hivi hivi, akipewa majani mazuri na kuulizwa kama ameshiba.

Nina miaka kumi na tisa. Nasomea umeme katika chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza, na twakaa Mji wa Kale katika nyumba ambayo mtu akikanyaga ngazi ya kwanza, aliye juu ashajua ni nani na amekasirika kiasi gani. Tuko watano. Babangu husema maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo ni salamu. Mamangu husema yaliyobaki. Nyanyangu husikia anachotaka. Dadangu mkubwa wakati huo alikuwa akingoja kuolewa mwisho wa mwezi. Na mimi hunyamaza nikilala tu, ingawa dadangu hata hilo hulipinga.

Baada ya mayai yakaja maneno. Mjomba, kakake mama, alikuja Ijumaa baada ya sala, akala pilau mpaka akafungua kifungo, akajifuta mikono, kisha akatangaza kwamba jeshi litaandikisha makurutu mwezi ule, katika uwanja mmoja ng'ambo ya Makupa, ukishatoka kisiwani. Aliitangazia dari, hakunitangazia mimi. Halafu akageuza shingo polepole akanikuta nimekaa pale, kama kwamba ni bahati tu. Akanipima kwa macho kama fundi wa nguo. Akasema kijana ana kimo. Mama akasema na meno yake yote yapo. Nyanya akasema ana miguu mizuri, ya upande wa babake. Maisha yangu yote sijawahi kusifiwa na watu watatu mfululizo chini ya paa lile. Nikatia mkono mfukoni kuhakikisha kitambulisho changu bado kipo.

Jumatatu nikarudi kutoka chuoni nikakuta ndoo mbili za rangi mlangoni mwa chumba changu. Rangi ya waridi.

Hapa lazima nieleze, kwa asiyejua mambo yetu. Harusi ikisha, bwana harusi huja kukaa nyumbani kwa kina mkewe siku saba za mwanzo, ndiyo fungate. Wao hawatoki, na chakula chao hupelekewa chumbani kwa sinia kama wafalme. Chumba wanachopewa sharti kiwe kile kizuri, na chumba kizuri katika nyumba yetu, chenye dirisha la barabarani na upepo wa bure, ni changu. Niliambiwa ni wiki moja tu. Lakini nilimsikia mama akimwambia shangazi ngazini kwamba wale watoto huenda wakakaa mpaka nyumba ya bwana harusi iezekwe. Niliiona nyumba hiyo. Ilikuwa na kuta tatu na paka.

Nikaunganisha waya zangu. Jeshi huku, rangi kule, mayai katikati. Taa ikawaka. Hawa hawakutaka mlinzi wa nchi. Walitaka chumba.

Kilichonichanganya ni kwamba nilianza kulitaka hilo jeshi mimi mwenyewe. Si sana. Kama unavyotamani chakula cha jirani kwa kunusa. Nilikuwa nikiwaona mafundi wa umeme waliomaliza chuo miaka miwili mbele yangu wakikaa vibarazani na koleo mifukoni, wakingoja feni ya mtu iharibike. Tena sijawahi kulala nje ya kisiwa hiki zaidi ya siku mbili. Askari hupelekwa mbali, huvishwa, hulishwa, na asubuhi hakuna anayemuuliza ataamua nini na maisha yake, kwa sababu imeshaamuliwa. Nilisoma masharti yao kwenye simu, umri, kimo, miguu, meno, ngozi isiyo na michoro, na kila nilipolipita moja nilisikia raha, kisha mara hiyo hiyo nikajishuku. Raha ile ilikuwa yangu, ama ni mayai?

Nikaenda kumuuliza anayejua. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee aliyestaafu jeshini, ambaye sasa hutengeneza feni mbovu nje ya mlango wake. Sisi vijana humwita ammi. Nilimwamkia, nikamshikia bisibisi, nikamuuliza jeshini kukoje.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

Nikasema hakuna. Akanitazama kama ninayeficha bomu. Kisha akauliza nikiambiwa nisimame mahali, husimama? Nikamwambia ukweli, kwamba mimi huuliza kwanza kwa nini, na nani mwengine amesimama, na kama kuna kivuli. Hakucheka. Akasema nijaribu siku tatu. Nikiambiwa kitu nifanye, nisiulize. Nikitaka kutia mzaha niumeze. Siku ya nne nirudi.

Nilianza kesho yake alfajiri. Nikakunja shuka kabla ya kuambiwa. Nikateka maji, nikaenda dukani mara nne, na mara ya nne ilikuwa kurudisha nilichonunua mara ya tatu, na nikasema "ndiyo, mama" tu. Nyanya aliniambia nimtafutie miwani iliyokuwa usoni mwake. Wallahi, jambo hili peke yake ni mtihani wa kitaifa. Nikasema, "Hii hapa, nyanya," nikaigusa kwa kidole kimoja nikaondoka.

Adhuhuri mama akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Siku ya pili nilikuta mkoba wangu umemwagwa kitandani, madaftari yametikiswa, na suruali zangu zote mifuko nje kama ndimi. Siku ya tatu niliingia ghafla nikamkuta mama ameshika shati langu la jana puani, ananusa mkono wa shati, macho ameyafumba. Aliponiona akasema anatazama kama lahitaji kufuliwa. Baba alikuja kusimama mlangoni mwangu, jambo ambalo halijatokea tangu nilipotahiriwa, akaniuliza, "Una nini?" Nikasema sina kitu. Akaondoka, lakini hakuniamini, nilimjua kwa mgongo.

Mimi nilielewa mara moja. Walikuwa wakitafuta kitambulisho na cheti changu cha kidato cha nne, wampe mjomba akaniandikishe nikiwa nimelala. Nikavificha ndani ya mfuko wa mchele.

Siku ya nne nikarudi kwa ammi nikamwambia nimeweza. Nilimwambia na lililonitia hofu, kwamba siku ya kwanza mizaha ilinikaba kooni, siku ya pili ikapungua, na siku ya tatu jua lilikuchwa nikakumbuka kwamba haukunijia hata mmoja.

Akaiweka feni chini. "Wewe ni siku tatu," akasema. "Mimi ni miaka ishirini. Mke wangu sasa huniambia, tuzungumze basi. Natafuta la kusema, silioni."

Nilimuuliza kama anajuta. Akasema hajuti, amesomesha watoto watano na ameona milima yenye baridi. Akasema yote mawili ni kweli, nisichague nusu. Kisha akaniambia nimpe ile skrubu ndogo.

Wiki ya harusi ikaingia. Shangazi yangu, dadake baba, kazi yake ni kuwachora maharusi hina na piko. Piko, kwa wageni, ni ile rangi nyeusi tititi inayochorwa mikononi na miguuni, haitoki kwa sabuni wala kwa dua, mpaka ngozi yenyewe ichoke nayo. Alikuwa amekaa jikoni kwetu alasiri moja, ameshamaliza mguu mmoja wa dadangu, na bakulini imebaki kidogo. Nikaketi mbele yake nikapandisha mkono wa shati.

"Mwanamume apakwe piko?" akasema. "We huna haya?"

Nikamwambia jeshi lachukua watu baada ya siku nne, nami naona uvivu kuanzia chini. Nataka anipandishe cheo kabisa kabla sijaingia. Anichoree zile alama tatu za sajini, moja juu ya moja, hapa begani. Dadangu akacheka mpaka mguu ukatikisika na ua lake likaharibika. Shangazi, ambaye mizaha yangu nimeirithi kwake, akachovya kijiti.

"Hii haitoki kabla ya wiki mbili," akaniambia, kijiti kikiwa hewani.

Nikasema najua.

Na nilijua. Nilijua siku zilizobaki, nilijua wiki mbili ni siku ngapi, na nilijua lile sharti la ngozi isiyo na michoro maana nililisoma mara tatu. Lakini kichwa changu kina vyumba vingi, na anayejua haya alikuwa chumba kimoja, anayecheka alikuwa chengine, na mlango baina yao niliufunga mimi.

Mama hakucheka. Alinivuta mkono hadi dirishani, akautazama, akasema nimefanya kusudi. Nikasema ni mzaha tu.

"Mzaha wako una akili kuliko wewe," akasema.

Akanisugua kwa limau na magadi, kisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa kile kisugulio cha sufuria. Ngozi ikawa nyekundu na zile alama zikang'aa kuliko mwanzo. Nilikwenda kulala nikiwa sajini kamili.

Asubuhi ya siku yenyewe mjomba alinipeleka mpaka langoni, asije akanipoteza njiani. Uwanja ulikuwa umejaa vijana wa kila aina, wote vifua wazi, miguu mitupu, makaratasi yao mikononi. Tukapangwa safu. Ofisa mmoja mrefu, mtu wa bara, alipita na kalamu nene akimwandika kila mmoja nambari begani. Nilikuwa nimesimama upande upande, kama mtu anayejificha upepo. Akanigeuza kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Piko, afande."

"Ni tatuu?"

"Hapana, afande. Hutoka. Wiki mbili."

Akainama akaisoma, ndiyo, aliisoma, kama barua. "Na nani alikupa cheo?"

"Shangazi, afande."

Safu nzima ikapasuka kwa kicheko. Akatulaza safu nzima chini na kuturusha kichura mpaka kule kwenye goli na kurudi, watu wote hao kwa ajili ya shangazi yangu, na kijana aliyekuwa kulia kwangu aliniahidi kwa sauti ndogo atakachonifanya tukitoka. Mimi nilikuwa na raha. Niliona yamekwisha. Nitarudishwa nyumbani, si kwa sababu nimekataa, si kwa sababu nimeshindwa, bali kwa sababu ya mchoro. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa bakuli.

Ndipo akaja askari mmoja mwanamke aliyekuwa na orodha. Alinikwaruza alama moja kwa ukucha, akatabasamu, na alipofungua mdomo nikajua ni wa huku kwetu. Akamweleza ofisa kwamba ni rangi tu, dada zetu hupakwa wakiolewa.

"Kwa hivyo huyu ameolewa," ofisa akasema. Hakuna aliyethubutu kucheka mara hii. Akaandika nambari yangu juu ya alama zote tatu kwa mkono mmoja mkubwa. "Sajini, pita. Kimbia."

Mlango niliofunga mwenyewe ukafunguliwa na mtu mwengine.

Nikakimbia. Nilijiambia nitakimbia pole pole niachwe nyuma, lakini miguu ile ya upande wa baba haikusikiza, na yale mayai yote yakaamka. Niliingia wa saba. Wakanitazama meno, wakanitazama nyayo, wakanipima kimo, na kila mmoja alisema "sawa" kama anayenipigilia msumari. Mwisho nikafika kwenye meza ya karatasi. Aliyekaa hapo alikuwa yule yule askari mwanamke. Akachukua kitambulisho na cheti changu, akapangusa punje ya mchele, akaniangalia.

"Wewe wataka," akaniuliza kwa sauti ndogo, "ama umeletwa?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, nayakumbuka mpaka leo, na mawili yalikuwa mazuri. Nikasema, "Sijui."

Akanisogezea makaratasi yangu. "Basi kaa kando uwaze. Nyuma yako kuna anayejua."

Nikageuka. Alikuwa kijana wa kutoka vijiji vya ndani huko, mbali na bahari, nyayo zimepasuka, karatasi zake zimo ndani ya mfuko wa nailoni aliofunga mafundo mawili. Aliniambia ni mara yake ya tatu kuja. Hakuniambia kwa ubaya. Alikuwa akiitazama meza jinsi mtu anavyotazama maji baada ya kufunga siku nzima. Mimi meza ile sikuwahi kuitazama hivyo, hata mara moja. Nikachukua makaratasi yangu nikasogea. Sikufukuzwa. Nataka lieleweke hilo, maana mjomba huwaambia watu vyengine.

Nilirudi kwa miguu, nikapita Makupa kati ya malori, mjomba nyuma yangu akilaani kizazi chetu. Nyumbani mama alikuwa jikoni, amekalia mbuzi, akikuna nazi. Nikamwambia nimepita kila kitu na nimekataa. Mkono wake ukasimama. Kabla hajasema nikamwaga yangu yote, kwamba najua mpango wao, najua kuhusu mayai, najua kuhusu rangi ya waridi, na kama walitaka chumba wangeniambia tu nihame.

"Chumba?" akasema. Alikuwa hajui nasema nini. "Chumba gani?"

Akainuka, akafungua kabati, akatoa lile bunda la karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, akaliweka mbele yangu. Akasema tangu Ramadhani ameipima kila siku kwa kidole, aone kama yapungua. Akanitajia wale ndugu wawili wa kichochoro cha nyuma, walioanza na unga wakiwa kama mimi, wakiuvuta kwenye karatasi kama ile, na sasa mama yao huuza vitu vya nyumba kabla wao hawajauza. Walianza kwa kukonda na kucheka ovyo, akasema. Na mimi nacheka ovyo tangu nizaliwe, na mwaka huu nimekonda. Mayai yalikuwa ya kuondoa huko kukonda. Kisha ghafla nikawa mnyamavu siku tatu, natii kila neno, macho chini, na baba akasema basi, imethibitika.

"Jeshini humpima mtu mpaka damu," akasema. "Nilitaka wakupime wao. Mimi sikuweza kukuuliza."

"Ungeniuliza tu, mama."

"Ungenijibu kwa mzaha. Ningejuaje?"

Nilikuwa nimerefuka tu, ndiyo maana nilikonda, suruali zangu zote zilikuwa shahidi. Nikamwambia, "Situmii. Sijawahi kutumia, mama." Akanitazama akingoja. Nilijua anangoja nini. Alingoja mkia wa sentensi, pale ninapogeuza na watu wakacheka. Tukakaa hivyo mpaka akaona hauji.

Sisemi aliniamini. Alisema "haya", akarudi kwenye nazi yake. Harusi ikapita, shemeji akahamia chumbani kwangu na sinia zake, nami nikahamia sebuleni. Jeshi litakuja tena mwaka ujao, na siku nitakayoitazama meza yao kama yule kijana alivyoitazama, nitakwenda mwenyewe bila mjomba. Siku hiyo haijafika, na sijui kama itafika.

Lakini wiki ile ya fungate, Jumatano, nilikuwa karakana ya chuo nikifunga swichi kwenye ubao wa mazoezi, nikainua kichwa nikamwona babangu mlangoni. Hajawahi kufika pale. Alivaa kanzu ya Ijumaa na kofia, na alikuwa ameshika mwavuli siku ya jua. Hakunitazama. Alimwendea mwalimu wangu, akamwamkia, akamuuliza kitu karibu na sikio.

Mwalimu alijibu kwa sauti yake ya karakana, inayosikika mpaka barabarani. Akasema huja kila siku, wala hachelewi. "Lakini hanyamazi, mzee. Tangu asubuhi mpaka tufunge, ni maneno na vichekesho. Nimeshamtoa nje mara mbili wiki hii."

Darasa zima likanigeukia. Nami nilikuwa nikimtazama baba. Mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo, na akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akamshukuru tena, mpaka mwalimu akaanza kumtilia shaka.